Ukuta Upi Utabeba Habari Zetu?

Sisi watu wa Baraka tulikuwa na shauri moja ambalo nilidhani litamalizika kwa jioni moja, nalo likatuchukua miezi. Vijana wa mtaa wetu walitaka kuchora ukutani habari za nchi ya Fizi, tangu siku za mababu hata leo, ili watoto wengi waliozaliwa ng'ambo katika makambi ya Tanzania wapate kuzijua. Rangi ilipatikana kwa michango ya wavuvi na wauza duka. Mchoraji alikuwapo, kijana anayejipatia riziki kwa kuchora vibao vya maduka na majina ya mitumbwi. Mimi nikaombwa kuwa katibu, kwa kuwa ni mwalimu na mwandiko wangu wasomeka. Neno moja tu lilibaki, nalo tuliliona dogo: ukuta gani?

Kwa msomaji asiyejua kwetu, niseme kidogo. Baraka iko pwani ya Ziwa Tanganyika, ndani ya ghuba ambayo Wazungu waliipa jina la Burton, yule Mwingereza aliyefika pande hizi pamoja na Speke mwaka 1858. Mbele yetu, ng'ambo ya ghuba, yaonekana rasi ya Ubwari, na kila asubuhi jua hupanda juu ya milima yake. Nyuma yetu barabara hupanda kwenda Fizi, mlimani, penye baridi kidogo. Hapa wakaa Wabembe, na Wabuyu, na Wazoba, na Wabwari wa rasini. Juu milimani wako Wanyamulenge na ng'ombe zao. Wako Wakristo wa madhehebu mengi, tena wako Waislamu, jirani zetu tangu siku za misafara ya pembe. Mapadre Weupe walijenga misioni ya Kibanga, karibu na Ubwari, mwaka 1883, wakawakusanya humo watoto waliokombolewa utumwani. Baada ya miaka kumi hivi wakaiacha kwa sababu ya maradhi. Ndiyo kusema, habari za kuchorwa si chache.

Katika mkutano wa kwanza mimi mwenyewe nilisimama nikautetea ukuta wa ofisi ya serikali. Sababu zangu zilikuwa nzuri machoni pangu. Ofisi iko kando ya barabara kuu, kila mgeni huipita. Ina mlinzi usiku. Tena nilidhani picha itapata heshima mahali penye bendera. Nilikwisha hata kuandika barua ya kuomba ruhusa. Mzee mmoja aliyekaa karibu na mlango, mvuvi wa zamani, akangoja nimalize, akasema:

“Mwalimu, karatasi ikiwa mkononi mwako ni karatasi tu. Ikipigwa muhuri ofisini ni hati. Je, wataka kuupiga muhuri ukuta huu? Basi tuambie kwanza, nani atachorwa karibu na mlango?”

Sikumwelewa mara moja. Walakini wengine walimwelewa upesi sana, na baada ya dakika chache nyumba nzima ilikuwa kelele. Huyu asema picha ya kwanza iwe ya ngoma za Wabembe; huyu asema hapana, kabla ya ngoma palikuwa na mitumbwi, na wenye mitumbwi ni Wazoba; wa tatu akauliza kama Wabwari ni wageni hata wawekwe mwisho. Msomaji wa mbali ataweza kucheka. Kwetu swali la nani alifika kwanza si swali la darasani. Ni swali la shamba, la malisho, la kiti cha chifu, na watu wamekufa kwa ajili yake. Picha ile ile ikichorwa nyumbani kwa mtu ni kumbukumbu yake. Ikichorwa juu ya ukuta wa ofisi, kila mpita njia ataisoma kama tangazo la serikali kwamba fulani ni mwenye nchi na fulani ni mpangaji. Mimi, mwalimu, nilikuwa nikitazama upana wa ukuta. Yule mvuvi alikuwa akitazama nani anayesema kwa kinywa cha ukuta huo.

Tena kuna jambo jingine juu ya kuta za ofisi. Mimi nimeishi miaka arobaini na zaidi, na kila aliyekuja kwetu na utawala wake alikuja na ndoo yake ya chokaa. Mwenye ukuta ndiye mwenye picha. Hata katika nchi tajiri ni hivyo: mchoraji Diego Rivera wa Meksiko alipochora ukutani katika jumba kubwa la Rockefeller huko New York, mwaka 1933, akatia humo sura ya Lenin, wenye jumba walimlipa ujira wake, wakaifunika picha, na mwezi wa Februari 1934 wakaivunjavunja. Ikiwa wao hawakuona haya, kwa nini afisa wetu mpya aone haya mbele ya picha ya mchora vibao?

Basi nikaikunja barua yangu.

Katika mkutano wa pili Wakatoliki tulikuwa wengi, na wengi wetu tulitaka picha iwekwe kwenye ukuta wa parokia, na katikati yake wachorwe wenye heri wetu. Habari zao zajulikana. Tarehe 28 Novemba 1964, siku za uasi wa Wasimba, Padre Luigi Carrara na Bruda Vittorio Faccin, wamisionari Wasaveri, waliuawa hapa Baraka. Siku ile ile Padre Giovanni Didonè aliuawa Fizi pamoja na Padre Albert Joubert, padre mzalendo, mwana wa yule Kapteni Joubert aliyepigana na wafanya biashara ya watumwa, na wa mama Mkongo. Tarehe 18 Agosti 2024, huko Uvira, Kardinali Fridolin Ambongo aliwatangaza kuwa wenye heri. Mama yangu mzazi alikuwa msichana mdogo mwaka ule wa 1964, naye hata leo akipita mbele ya kanisa hupunguza mwendo, bila kusema neno.

Palikuwapo mzee mmoja Mwislamu, fundi cherehani, ambaye tulimwalika kama jirani. Alisikiliza kwa adabu, kisha akasema: “Mapadre wale walikuwa wa Baraka nzima. Baba yangu aliwalilia. Lakini mkiwachora peke yao, mtakuwa mmesema kwamba mwaka ule wao tu ndio waliokufa.”

Nilitazama chini. Ni kweli kwamba mwaka ule na mwaka uliofuata, Wasimba waliua, na askari waliokuja kuwafukuza Wasimba nao waliua, na wengi waliolala porini hawana msalaba wala jiwe. Baba paroko, ambaye hakusema sana katika mikutano hii yote, alitukumbusha kwamba wenye heri wana mahali pao kanisani, na hakuna awezaye kuwaondoa humo. Lakini ukuta wa wote tuutafute kwa wote. Wako waliotoka wamenuna. Mmoja hajaniamkia hadi leo.

Hapo nilikumbuka habari ya Murang'a, katika Kenya, niliyoisoma zamani. Huko Waanglikana walijenga kanisa la ukumbusho wa Wakristo waliouawa wakati wa vita vya Mau Mau, na mchoraji Elimo Njau, Mchaga wa Marangu, akachora ndani yake picha kubwa tano za maisha ya Yesu, tangu kuzaliwa hata kusulubiwa. Yesu wake azaliwa katika nchi ya Wakikuyu, kwenye vilima na miti ya huko. Njau hakuchora mapanga ya wale waliouana, wala hakuandika nani alikosa. Tena picha hizo ziko ndani: atakaye kuziona hufungua mlango, huvua kofia, huingia kwa hiari yake. Sikusema jambo hili mkutanoni, maana hatukuwa tunajenga kanisa. Lakini neno hilo la hiari lilinikaa moyoni, nalo likarudi kwa kinywa cha mtu ambaye hajapata kusikia jina la Murang'a.

Mtu huyo ni mama mmoja muuza ndagala. Tulikuwa tumekwenda sokoni, mchoraji na mimi, kuupima ukuta wa jumba la soko. Vijana walioupendekeza walikuwa na hoja kubwa: sokoni wafika wote, Mwislamu na Mkristo, mtu wa ziwani na mtu wa mlimani. Mchoraji alikuwa akilalamika juu ya moshi wa mikebuka inayokaushwa, kwamba baada ya mwaka mmoja mababu wote watakuwa weusi kama masufuria. Yule mama akatuuliza twapima nini. Nikamweleza kwa furaha, kwamba tutachora tangu mababu, na Kibanga, na uhuru, na vita vya Wasimba, na kukimbia kwetu, na Makobola.

Akasema, “Mimi ni wa Makobola.”

Watu wa kwetu hawahitaji kuelezwa zaidi. Kwa wengine niseme kwamba kuanzia tarehe 30 Desemba 1998, kwa muda wa siku chache, mamia ya raia waliuawa katika kijiji hicho na vijiji jirani, kaskazini mwa Baraka.

“Mwalimu,” akaendelea, huku akigeuza ndagala zake kwa mkono, “mimi nakaa mbele ya ukuta huu tangu alfajiri hata jioni. Mwataka nimtazame mwanangu akifa mchana kutwa? Wewe utaitazama mara moja, utasifu rangi, utaenda zako shuleni.”

Mchoraji akaikunja kamba yake ya kupimia. Hatukuwa na jibu, na hata leo mimi sina. Nilikuwa nimefikiri juu ya wapita njia, juu ya wageni, juu ya watoto wa shule watakaopangwa mistari na kuelezwa. Sikumfikiri mtu ambaye kazi yake imemfunga mahali pamoja. Mpita njia aweza kugeuza uso. Mwenye meza sokoni hawezi. Vivyo hivyo hospitali, ambayo wengine waliitaja: mgonjwa aliyelala akingoja dawa hana pa kukimbilia.

Huko Lubumbashi, mwaka 1973 na 1974, palikuwa na mchoraji aitwaye Tshibumba Kanda Matulu, aliyechora picha zaidi ya mia moja za historia ya Kongo nzima, na nchi nyingi zamjua leo. Yeye alichora juu ya vitambaa, na picha za namna hiyo zilitundikwa sebuleni mwa watu. Mwenye nyumba aliyechoka kutazama mauaji aliweza kuitoa picha msumarini na kutundika nyingine ya mamba mtu. Ukuta wa umma hauna msumari. Ndiyo sababu nasema, na katika jambo hili sikubaliani na vijana wetu, kwamba mahali penye watu wengi zaidi si lazima pawe ndipo mahali pema zaidi.

Tukabaki na bandari. Wazo hili lilikuwa jema kwa sababu moja kubwa: hapana familia hapa ambayo haikupita ziwani. Mwaka 1996 sisi sote tulivuka, usiku, katika mitumbwi iliyojaa hata maji yakaingia, tukaishia Nyarugusu, katika wilaya ya Kasulu. Mimi nilikuwa na miaka kumi na miwili. Niliporudi mwaka 2007, kwa meli iitwayo Mwongozo, kutoka Kigoma, kitu cha kwanza nilichokitafuta kwa macho ni kuta. Nilitaka kuona zipi zimesimama. Kijana mmoja alitaka bandarini achorwe Che Guevara, mwenye kofia yake, kwa kuwa alivuka ziwa hili hili mwezi wa Aprili 1965 akatua Kibamba, akakaa na waasi wa kwetu muda wa miezi saba. Nikamwuliza kama babu zetu waliombebea mizigo mlimani watachorwa pia, au kofia tu. Akacheka, tukaliacha.

Lakini mchoraji alikataa kabisa ukuta wa bandarini, na katika mambo ya ukuta yeye ndiye daktari. Ziwa lilipanda mwaka 2021, likapanda tena 2024, maji yakaingia katika nyumba za pwani. Akatuonyesha kwa kidole mstari wa unyevu, juu ya goti la mtu mzima. “Rangi ya mafuta juu ya ukuta uliokunywa maji hubambuka kama ngozi ya muhogo,” akasema. “Tena ukuta huu hauna upenu, jua laupiga. Jua likipiga, nyekundu hufa kwanza.” Nikamwuliza ni rangi gani hudumu. Akasema nyeusi, na ile ya udongo.

Hatimaye ni yeye aliyepata mahali. Ukipanda kidogo kutoka pwani, liko jumba la umma la zamani ambamo wasafiri hungoja mitumbwi. Halina sifa yo yote. Ukuta wake mmoja hauelekei barabara, waelekea uwanja mdogo wenye mwembe; upenu wake ni mpana, saruji yake ni kavu, na maji hayajafika pale hata mwaka wa 2024. Hakuna auzaye kitu mbele yake. Mtu hufika, hukaa saa moja au mbili, huondoka. Atakaye kuitazama picha ataacha njia na kuzunguka nyumba kwa miguu yake mwenyewe. Asiyetaka atakaa upande wa pili, penye kivuli kizuri vile vile. Tena jumba hilo si la kabila wala la dini, na hakuna mtu aliyeketi humo akipiga muhuri.

Tulikubaliana, ingawa si wote kwa furaha. Yule mvuvi mzee alisema tu, “Hapo naweza kuleta wajukuu.” Vijana walisema tumeificha historia nyuma ya nyumba, na sitasema kwamba hawana haki hata kidogo.

Nilidhani kazi yangu imekwisha. Jioni ya mkutano wa mwisho tulikuwa tukiandika orodha ya picha, na tulipofika mwaka 1996 kila mmoja alikuwa akitaja mitumbwi, na mizigo vichwani, na watoto waliopotea. Niliandika yote. Kisha kalamu yangu ikasimama, maana nilikumbuka kwamba kabla ya sisi kukimbia, wengine walikimbia mbele yetu, na wengine hawakupata kukimbia. Mwezi wa Septemba mwaka ule raia Wanyamulenge waliuawa kwenye pwani hii, Lweba na hapa Baraka. Umoja wa Mataifa uliyaandika mambo hayo katika ripoti yake ya mwaka 2010, pamoja na ya Makobola na mengine mengi. Sisi hatukuyaandika po pote.

Nikauliza: “Mtu anayeshuka kutoka Bibokoboko, akingoja mtumbwi pale chini ya mwembe, akazunguka nyumba, atamwona nani wa kwao katika ukuta huu?”

Hapana aliyejibu kwa muda mrefu. Mmoja akasema kwamba wao nao walituua. Ni kweli kwamba watu wetu nao waliuawa, na wengi, sikubisha. Mwingine akasema kwamba ukuta hautatosha. Nami nikaona kwamba sina ruhusa ya kuuliza swali lile na kujifunga mdomo juu yangu mwenyewe, nikawaeleza jambo ambalo sikupata kumwambia mtu, hata mke wangu. Siku zile za Septemba, ng'ombe za jirani zetu zilitembea mtaani bila mchungaji. Zilisimama mbele ya nyumba, zikilia, kwa sababu hakuna aliyezikamua. Siku ya tatu moja ikachinjwa, na nyumba yetu ikapata nyama kama nyumba nyingine, nami nilikula. Nilikuwa mtoto, ni kweli. Lakini nilijua ni ng'ombe ya nani, maana mwanawe alikaa dawati moja na mimi.

Mkutano ulifungwa bila uamuzi juu ya picha hiyo. Watu walitoka mmoja mmoja. Yule fundi cherehani alinishika mkono mlangoni, akanitakia usiku mwema.

Wiki mbili baadaye nilipita kwenye jumba la wasafiri baada ya masomo. Mchoraji alikuwa peke yake, akichora kwa mkaa kabla ya kutia rangi. Mitumbwi ilikuwa imekwisha, na Ubwari nyuma yake, na jua likipanda. Upande wa kushoto alikuwa ameacha nafasi, na ndani yake ng'ombe mmoja alikuwa amesimama katikati ya njia, pembe zake ndefu, bila mtu karibu. Sikumwomba afanye hivyo, wala sijui ni nani aliyemruhusu. Aliposikia hatua zangu hakugeuka.

“Mwalimu,” akasema, “walikuwa wangapi?”

Nikahesabu kwa vidole, polepole, kama ninavyowafundisha watoto wa darasa la kwanza. Nikamwambia saba.